Siku Niliyokataa Kikapu cha Mama

Nyinyi vijana mnaopima chai kwa mashine inayotoa risiti yenyewe, hebu nisikilizeni kidogo. Nimewaona pale kituoni, simu sikioni, mkulima anaweka gunia, mashine inalia, gunia linaondoka. Hamwingizi hata kidole. Sisi tuliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, na ukiutoa ulishajua mkulima aliamka saa ngapi, kama mvua ilimkuta njiani, na kama anamwogopa Mungu.

Miaka ile ya tisini nilikuwa karani wa kununua majani chai katika kituo kimoja kidogo kati ya Litein na Sotik. Kituo chenyewe kilikuwa kibanda cha mabati, meza ndefu ya mbao ya kumwagia majani, na mizani ya saa iliyoning'inia kwenye boriti. Kazi yangu ilikuwa kukagua majani, kuyapima, kuandika kilo na kungoja lori la kiwanda. Mtasema hiyo si kazi kubwa. Mtu ambaye hajawahi kuvaa koti jeupe hawezi kunielewa. Nilipewa koti na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu, na kuanzia siku hiyo nikaanza kutembea polepole na kukohoa kabla ya kusema. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Wazee waliobatizwa kabla sijazaliwa walikuwa wakivua kofia kunisalimu, na mimi, Mungu anisamehe, niliwaacha wavue.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Philemon, mkaguzi wa majani kutoka kiwandani. Alikuwa mtu mwembamba, asiyecheka, na alizunguka vituo vyote kwa pikipiki iliyosikika kabla yake kwa dakika kumi. Alinionyesha jinsi ya kuvunja kikonyo: kilicho laini hukatika kwa mlio, kilichokomaa hujikunja na kubishana nawe. Alinionyesha kunusa. Majani yaliyoshindiliwa kwenye kikapu hupata joto kama mtoto mwenye malaria, yakaanza kuwa mekundu, na hayo hata uyabembeleze vipi hayatengenezi chai. Na alinipa neno moja ambalo sikulielewa upesi. Alisema, "Uongo wa mkulima hukaa chini ya kikapu. Wa karani hukaa juu, kila mtu anauona isipokuwa yeye."

Makosa yangu ni mengi, nitawapa moja tu. Wiki ya kwanza nilisahau kurudisha mshale wa mizani kwenye sufuri. Mvua ilikuwa imenyesha, gunia la kupimia limelowa chepechepe, basi kila mkulima akaongezewa kilo mbili za maji ya Mungu. Siku nzima niliitwa mtumishi wa Bwana. Mama mmoja aliniletea mayai. Lori lilipofika kiwandani majani yakawa machache kuliko karatasi yangu, na kesho yake Mzee Philemon akaja kunieleza kwamba mimi si mtumishi wa Bwana.

Baada ya hapo nikawa mkali. Nimetoa kwenye vikapu mawe, viazi vitamu, na siku moja kuku mzima aliyekuwa ametafuta mahali pa kutagia. Mwenye kuku alisema ni shetani.

Sasa niwaambie habari za mama. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu, na mama alinisomesha kwa vichaka vyake vya chai mpaka nikafika kidato cha nne. Kijijini aliitwa Bot Kiplangat, yaani mama yake Kiplangat, na Kiplangat ndiye mimi. Alichuma majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, kikapu kizima, hata akigeuka kuongea na jirani vidole viliendelea vyenyewe. Alfajiri, kabla ya kuingia shambani, alinitaja mbele za Mungu kwa jina langu lote, la ubatizo na la nyumbani, kana kwamba Mungu angeweza kunichanganya na Kiplangat mwingine. Kwenye foleni ya kituo hakuwahi kunitania wala kusogea mbele. Aliniita Karani kama wengine wote.

Katika miaka mitatu sikuwahi kurudisha hata jani lake moja. Hapakuwa na la kurudisha. Na hapo ndipo taabu yangu ilipoanzia.

Kituo chetu kilikuwa na kamati, na kamati ilikuwa na mwenyekiti. Mwenyekiti huyu alikuwa pia mzee wa kanisa, mtu wa sauti nzito, na alipofungua mkutano kwa maombi aliomba mpaka majani yakapata joto. Chai yake ilikuwa na jani la tatu, la nne, na mara nyingine tawi ambalo ndege angeweza kutua juu yake. Nilimrudishia karibu kila wiki. Siku moja akasimama mbele ya foleni, mikono nyuma.

"Karani, majani yangu inarudishwa kila saa. Ya mama yako, hakuna hata mara moja. Sisi si vipofu."

"Ya mama ni safi, Mwenyekiti. Ingiza mkono ujionee."

"Mimi mzee wa kanisa, niingize mkono kwa kikapu ya mama ya mtu?"

Watu wakaguna kwamba ni kweli, haifai. Kesi ikaishia hapo, na nilikuwa nimeshindwa. Yeyote aliyekuja na majani mabaya sasa alikuwa na jibu tayari: kama ya mama yake inapita, yetu ipite. Waliacha kuchambua. Nikirudisha kikapu, kinazunguka nyuma ya kibanda na kurudi kwa mlango mwingine kikiwa kichwani mwa mtu mwingine. Hatimaye lori letu likakataliwa kiwandani, likarudi na mzigo wote, kazi ya siku nzima ya kituo kizima ikamwagwa kando ya barabara, ng'ombe wakaja kuitazama nao wakaikataa.

Jumanne Mzee Philemon akafika. Hakushuka kwenye pikipiki.

"Kijana, barua yako imeandikwa. Iko kwa meza ya meneja, inangoja sahihi tu. Nimeomba wangoje Ijumaa. Ijumaa saa nane nitakuja nisimame hapa mwenyewe. Nikiona watu hawakusikii, utavua hiyo koti unipatie."

Mke wangu alikuwa na mimba yetu ya kwanza. Katika familia nzima mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na kazi ya mshahara, na wadogo zangu wawili walikuwa bado shule. Jioni ile nilimweleza mama yote, tukiwa jikoni kwake. Alinisikiliza akisonga ugali wa wimbi, kisha akaniuliza jambo moja.

"Huyo mzee wa pikipiki, ulisema atakuja saa ngapi Ijumaa?"

"Saa nane."

"Kula. Mboga ya sageti inapoa."

Nilimsikitikia, nakiri. Nikasema moyoni, maskini mama, mambo ya ofisi yako mbali naye. Baadaye nilimsikia akiomba chumbani mwake. Aliomba msamaha, kwa sauti ya chini, akarudia. Nikajiuliza mama wa watu amemkosea nani, lakini nilikuwa na shida zangu.

Ijumaa ikafika. Saa nane kamili Mzee Philemon alisimama kando ya mizani, mikono kifuani. Mwenyekiti alikuwa wa nne kwenye foleni, kikapu chake kimefunikwa kwa sweta. Wa kwanza alikuwa Mama Njeri, kisha mama yangu, ambaye siku zote hufika mapema na leo alikuwa amechelewa, mpaka mtu akampisha kwa heshima ya umri. Yaani mama yangu alikuwa wa pili.

Mama Njeri alikuwa na kibanda cha chai na mandazi palepale kituoni. Wazazi wake walitoka upande wa Nyeri zamani, na alikuwa na nusu ekari ya chai iliyopakana na ya mama. Kuchuma alichuma mbio mbio kati ya sufuria na sufuria, na kwa kawaida majani yake yalinitia uchungu. Wiki ile alikuwa akiuguza mtoto, nikatarajia mabaya zaidi. Akamwaga kikapu mezani. Jamani, niliona chai. Majani mawili na chipukizi, mabichi, baridi, hakuna kikonyo kigumu hata kimoja. Nikaingiza mkono mpaka chini, nikaleta juu konzi moja, nikaiinua watu waione.

"Wazee na akina mama, tazameni. Hivi ndivyo chai inavyochumwa. Huyu anauza mandazi, anauguza, na bado amechuma hivi. Wewe mwenye shamba na nafasi, utasema nini?"

Mama Njeri alitazama chini. "Sawa Karani, wee pima tu," akasema. Nikadhani ni unyenyekevu.

Akafuata mama. Alishusha kikapu, akatoa ukanda kwenye paji la uso, akamwaga.

Vijana, sijui niwaelezeje. Yalikuwa majani ya zamani, meusi, magumu kama ngozi ya kiatu, yale ambayo kichaka hukaa nayo mwaka mzima ili kipate kuishi. Hayakuwa hata yamevunjwa kwa mkono, vikonyo vilikuwa vimekatwa vikawa na ncha. Nilimsikia Mwenyekiti akivuta pumzi ya kuridhika. Siku zote, na mama akachagua leo. Nilijua nikipitisha nimekwisha, na hasira iliyonishika haikuwa ya kuigiza.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni majani, Karani."

"Hii ni majani ama ni chakula ya ng'ombe? Mpaka umekata na kisu, kama sukuma wiki?"

"Nisaidie leo tu, Karani. Nimezeeka."

"Hapa hakuna mama," nikasema, na sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyoijua. "Hapa kuna majani tu. Rudisha nyumbani. Yote."

Mtu nyuma akasema "aii" polepole. Mama aliinama juu ya ile meza, akayakusanya majani kwa viganja vyake viwili, yote, mpaka meza ikabaki safi. Akajifunga ukanda, akapanda njia ya kwenda nyumbani. Hakuna aliyemsaidia kunyanyua kikapu, na mimi niliyekuwa karibu zaidi nilikuwa natafuta kalamu nyekundu.

Nilipogeuka kwa Mwenyekiti, hakuwepo. Alikuwa ameshaondoa kikapu chake kwenye foleni, amepiga magoti kwenye nyasi, anachambua. Wengine nao wakaenda kuchambua. Ilikuwa kama mkutano wa maombi, kila mtu amepiga magoti mbele ya dhambi zake. Lori la siku ile lilipita kiwandani bila neno. Mzee Philemon akawasha pikipiki. "Koti imekukaa," akasema. Barua haikutiwa sahihi.

Mtafikiri jioni nilienda kumwomba mama radhi. Nilienda kumfundisha. Nilikaa jikoni kwake, nikala chakula chake, na kwa muda wa nusu saa nikamweleza maana ya majani mawili na chipukizi. Yeye aliyenilisha kwa hayo hayo majani tangu niko mgongoni. Akasema, "Nimesikia," akaniongezea maziwa.

Jumapili nikaenda mbali zaidi. Nilisimama kanisani kutoa ushuhuda. Nilisema Bwana alinijaribu kama Ibrahimu, akanitaka nimpe nilichokipenda kuliko vyote, na sikukizuia. Nilikuwa Ibrahimu, mama akawa Isaka. Niliongeza kwamba yule kondoo dume hakutokea, nikaona watu wanafuta macho. Mama alikuwa benchi la pili. Niliponyamaza, wa kwanza kusema "Amina" alikuwa yeye.

Sitawadanganya kwamba ushuhuda ule haukunisaidia. Niliula miaka mingi. Kila nilipoona naanza kulegea nilijiambia, wewe uliyemkataa mama yako mzazi utamwogopa nani? Nikakataa kikapu cha chifu. Nikakataa cha mchungaji, ambaye aliniombea kwa jina Jumapili iliyofuata. Hata Mwenyekiti alianza kuleta chai ya kupendeza, akawa anaeleza wageni kwamba ni yeye aliyenilea kikazi. Nilisimama imara, na niliamini miguu niliyosimamia ni yangu.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Katika shamba la mama, karibu na ua, vilikuwepo vichaka vitatu ambavyo havikurudi sawa na vingine. Meza ya chai, yaani uso wa juu wa vichaka, inatakiwa iwe tambarare, na pale ilikuwa na shimo. Kila nikimtembelea nilimsema. "Hivi vichaka vinatuaibisha, mama. Watu watasema nini?" Naye alijibu vitapona, ni pole pole.

Miaka ile ikielekea mwisho, Mzee Philemon akastaafu na mimi nikapewa pikipiki yake. Nikawa mkaguzi wa majani. Mama akaita majirani kwa maombi ya shukrani, Mama Njeri akaja na karai la mandazi. Watu walipokuwa wakitawanyika nikasimulia tena habari ya ile Ijumaa, maana hapakuwa na mkusanyiko ambao sikuisimulia. Nilipofika kwenye konzi ya Mama Njeri niliyoiinua, yeye akaanza kucheka mpaka akakaa chini.

"Ngai, Karani. Mpaka leo bado hujajua?"

"Sijajua nini?"

"Ile majani haikuwa yangu. Mimi nilikuwa na mtoto mgonjwa, ningechuma saa ngapi? Ni mama yako alinipelekea asubuhi kwa kibanda. Akasema nipime kwa namba yangu, kilo ziwe zangu, lakini nikae mbele yake kwa laini. Ukinisifu vile, nilitaka ardhi inimeze."

Nilitoka nje. Mama alikuwa ameshaacha wageni, yuko kwenye chai yake akichuma, kwa sababu kulikuwa bado na mwanga. Nilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye vile vichaka vitatu, nikaviangalia kama mtu anayefahamu kazi yake. Chini ya majani mapya, kwenye matawi ya zamani, alama za kisu bado zilionekana. Miaka yote ile nilikuwa nimevikaripia bila kuinama.

"Mama, ni wewe ulifanya hivi makusudi."

Hakuacha kuchuma. "Watu walitaka kuona ukinirudisha. Sikuwa na majani mabaya ya kuwapa, nikayatafuta."

"Na kisu?"

"Mkono ulikataa. Kila nikiupeleka kwa yale makubwa, unaruka, unachukua madogo. Nikaenda kuchukua kisu ya mboga."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe hujui kuigiza, Kiplangat. Krismasi ile walikufanya mchungaji wa kondoo, malaika akitokea ukacheka." Akatupa konzi kikapuni mgongoni. "Nilimwambia Mungu mapema anisamehe ule uongo. Nikamwambia ni wa siku moja tu."

Isaka, kwa yale tunayosoma, alibeba kuni zake mlimani bila kujua ni za nini. Mama alijua, na alizikata mwenyewe kwa kisu cha jikoni, akazibeba mpaka kwa mwanawe aliyekuwa amevaa koti jeupe. Na nguvu zote nilizojigamba nazo madhabahuni zilikuwa zimetoka kwenye vichaka hivi vitatu. Nililia, vijana. Mkaguzi wa majani, siku yake ya kwanza, analia kwenye chai.

"Nilikupigia kelele mbele ya watu," nikasema.

"Ulinikataa vizuri. Sauti ilifika mpaka barabarani." Aliniangalia kwa mara ya kwanza, akaona machozi, akageuza macho upesi kama mtu aliyefungua mlango usio wake. "Pale nyuma ya mlango kuna kikapu ya zamani. Leta. Jua bado liko."

Nilivua koti nikalitundika kwenye ua. Nikachuma mstari wa pili, yeye wa kwanza, mpaka mwanga ukapungua. Sikuwa nimechuma tangu niajiriwe, nilikuwa nimezoea kukosoa tu. Tulipofika mwisho aliniomba kikapu changu. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akapekua taratibu mpaka chini, akatoa majani matatu yaliyokomaa, akayadondosha nyuma ya kichaka mahali alipodhani sioni. Akanifunga ukanda, tukapanda nyumbani.